Vishungi Waliokata Njia

Dada yangu Rabay alikuwa amelala nje usiku kucha mvua ikimnyeshea, na sisi wanaume tuliopanda kumtafuta tulikuwa tumesimama njiani kama vigingi, kwa sababu Mjomba Pihu alikuwa ameinua mkono.

"Kimya," alisema. "Mmesikia?"

Nani angekosa kusikia? Kundi la ndege wadogo lilipanda kutoka korongoni, upande wetu wa kulia, likapita mbele yetu ndani ya ukungu, juu ya kile kisiki kikubwa cha mwerezi, likaenda kushoto. Walikuwa wakigombana kwa sauti za kukwaruza, chrr, chrr, chrr, kama watu wanaofukuzana sokoni. Hatukuona hata bawa. Ukungu wa asubuhi ile ukinyoosha mkono unaona kiwiko. Vidole unaviamini tu kwamba vipo.

Mjomba alishusha mkono. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Tunarudi," alisema.

Kwetu Waseediq, watu wa milimani, neno hilo halisemwi mara mbili. Sisil ni ndege wa kijivu, mdogo, hana hata uzuri wa kusifia, lakini wazee walimkabidhi njia zetu zote. Akikuimbia vizuri, unakwenda. Akikata mbele yako huku anagombana, unageuza, hata kama ulikuwa unakwenda kwenye harusi yako mwenyewe. Unarudi nyumbani, unalala, unaanza upya kesho. Gaya ndivyo inavyotaka, sheria tuliyoachiwa na waliokufa. Na gaya haichagui mwenye kosa: mkaidi anaweza kuvuka akarudi mzima, akaumia aliyebaki jikoni. Ndiyo maana kijijini kwetu huwezi kumsikia mtu mzima akisema "shauri yangu". Shauri la mtu mmoja halipo.

Mjomba ni mzee wa kanisa pia. Jumapili anatukemea tusiogope mizimu, siku nyingine anasimama njiani anatega sikio. Hakuna anayemcheka. Sote tuko hivyo.

"Kesho?" nilisema. "Mjomba, kesho tutakuja kuokota nini?"

"Chunga mdomo wako, Ukan."

"Nimeuchunga tangu alfajiri. Mtu ameloa, yuko juu huku kwenye baridi ya kupasua mawe, na wewe unaniambia kesho?"

"Nakuambia ulichokisikia mwenyewe."

Nyuma yangu alikuwa Walis, shemeji yangu, mume wa Rabay. Alikuwa amebeba kamba begani na chupa ya supu ya tangawizi kifuani, ndani ya koti, ili isipoe. Alikuwa ameishika kama mtoto mchanga.

Rabay alipanda jana na wanawake wenzake kuchuma machipukizi ya mianzi. Msimu huu kila mwanamke mwenye magoti mazima anapanda. Mianzi ya huku juu ni myembamba kama kidole, imesongamana, inampita mtu kichwa. Unainama, unaona chipukizi, unakata. Mbele yake kuna jingine, unasogea. Na lile linakuonyesha la tatu. Ukija kunyanyua mgongo hujui ulikotokea. Kila mwaka mlima unamweka mtu. Mvua iliposhuka wanawake waliitana wakakusanyika kwenye gari la kubebea kabichi, na aliyekosekana alikuwa Rabay, yeye ambaye huwacheka wanaopotea. Walirudi kumwita mpaka giza likawafukuza. Kikosi cha uokoaji cha bondeni kilisema kitakuja, ila barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko. Tukabaki sisi.

"Hao hawakuwa sisil," nilisema.

Mjomba alinigeukia polepole. "Rudia."

"Hao ni vishungi. Sauti ile naijua."

"Uliwaona?"

"Nimewasikia."

"Na mimi nimesikia. Masikio haya yalikuwa porini mama yako hajaota meno."

"Mjomba, nakuheshimu. Lakini vishungi nawajua kuliko mtu yeyote mlimani hapa."

Nilisema kwa majivuno, ndiyo, na nilikuwa na haki nayo. Shamba langu la miplamu liko pembeni kabisa mwa msitu, na vishungi hutaga humo kila mwaka. Ni ndege wa kutosha kiganjani, tumbo jeupe, mgongo wa rangi ya majivu, kichwani shungi la kahawia lililosimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, na mstari mweusi unaoshuka kutoka mdomoni kama sharubu. Micheri ya mwitu ikichanua wanakunywa maua mpaka nyuso zinakuwa za njano kwa unga wake. Wimbo wao wa kawaida ni mtamu, ti-mii-chuu, ti-mii-chuu, unasikika bonde zima. Lakini maajabu yao yako kwenye kiota. Wanandoa wawili, watatu, hata wanne, wanajenga kiota kimoja cha ndevu za miti na nyuzi za buibui, na majike wote wanataga humo humo. Wakati wa kutaga wanasukumana, wanadonoana, yai la huyu linatupwa nje na yule. Yakishamalizika kutagwa, ugomvi unakwisha. Wanaatamia kwa zamu, na giza likiingia majike wanabanana juu ya mayai pamoja. Makinda yakitoka kila mtu analisha, hakuna anayeuliza lipi la nani.

Rabay aliwahi kusimama chini ya mplamu wangu akawatazama muda mrefu, kisha akasema, "Nyumba ya mawifi hii. Kuna siku mmoja atamtupa mwenzake." Aliwapenda sana.

"Hata kama vishungi walikuwamo," alisema Mjomba, "sisil hutembea nao. Kundi moja, wamechanganyika. Unalijua hilo, au kwenye miplamu yako halifiki?"

"Linafika. Ila si mwezi huu. Mwezi huu vishungi wana viota, na kishungi mwenye kiota hatembei na mtu. Anakaa kwake."

"Haya. Wana kiota." Mjomba alisogea karibu, akashusha sauti. "Sasa niambie, bwana mjuzi. Mwenye kiota kaacha kiota chake, kapanda korongo zima anapiga kelele, kavuka njia ya watu. Nani kamfukuza?"

Niligeuza mundu mkononi.

"Dubu," Walis alisema kwa sauti ndogo. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

Hakuna aliyelirudia. Tulitazama upande wa korongo. Pale ukingo wa njia ulipoishia kulikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe ule maji yalikuwa yakisikika mbali chini.

"Walis," nilisema, "twende. Ni mke wako."

Aliketi. Hapo hapo, kwenye tope, akakunja miguu. "Sirudi," alisema. "Mjomba, nisamehe, mimi sirudi nyumbani bila yeye. Lakini sivuki pia. Tapas ana homa."

Tapas ni binti yao mdogo. Tulimwacha mkekani kwa bibi yake, shavu jekundu, anakataa uji. Nilielewa mara moja, na ningependa nisielewe. Akivuka Walis, gaya haitamtafuta Walis. Itashuka mpaka kwenye mkeka ule.

"Basi nitavuka mimi," nilisema. "Mimi sina mtoto."

"Una wapwa," alisema Mjomba. "Ukivuka, Ukan, lolote litakalotokea nyumbani leo lina jina lako. Sitalifuta mimi, wala nguruwe wa kafara utakayemchinja hatalifuta."

Nilipita pembeni yake. Nilipokaribia kisiki cha mwerezi miguu yangu ilisita yenyewe, kama punda kwenye daraja. Nikaisukuma. Nikavuka.

Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililonitisha. Nilitarajia hata tawi livunjike. Nyuma yangu ukungu ukafunga, na sauti za wale wawili zikafutika kana kwamba hawakuwahi kuwepo.

Niliingia kwenye mianzi. Mle ndani huoni miguu yako. Unakanyaga kwa kubahatisha, na ardhi ya huku ina tabia ya kuisha bila kuaga. Mianzi iliyoloa ilinipiga usoni, maji yakaingia shingoni. Niliita. "Rabay! Dada Rabay!" Sauti ilikwenda hatua chache ikafa. Nikatega sikio. Karibu yangu kitu kilikuwa kikipumua kwa nguvu, kwa kukoroma kidogo. Nilisimama na mundu mkononi mpaka nilipotambua kuwa ni mimi.

Nikaendelea. Kwenye gome la mti mmoja nilikuta mikwaruzo ya kucha, mirefu, utomvu bado unang'aa. Nikapeleka kidole, nikakirudisha. Hapo ndipo swali la Mjomba liliponirudia kichwani likakaa. Nani kawafukuza? Kisha likaja la pili, baya zaidi: je, kama kweli alikuwemo sisil? Nilisikia chrr, nikasema vishungi. Lakini ndege watatu wakigombana ndani ya pamba ya ukungu, nani wa kuapa kwamba wa nne hayumo? Nilimwona Tapas amelala mkekani. Nikajiambia nisimwone. Nikamwona tena.

Nilikuta kikapu cha Rabay kabla sijakitafuta, nilikikanyaga. Kilikuwa kimelala ubavu, machipukizi yametapakaa, mengine yameanza kugeuka rangi. Mbele ya kikapu mianzi ilikuwa imelazwa chini kwa mstari, kama nywele zilizochanwa, na mstari ule ulishuka ukaingia kwenye weupe. Nilitupa jiwe. Nikasubiri. Lilichelewa kulia.

"Rabay!"

Halafu, chini kabisa, upande ambao sikuutegemea, chrr, chrr, chrr.

Nililala kifudifudi nikasikiliza kwa mwili wote. Safari hii sikuwa na shaka. Hivyo ndivyo vishungi wanavyogomba kitu kikikaribia kiota chao. Nimewasikia mara nyingi wakinigomba mimi. Akipita kicheche, kelele inahama naye tawi hadi tawi. Akija nyoka, kundi zima linakusanyika juu yake, na kelele haikatiki mpaka aondoke au mpaka mayai yaishe. Akija mtu akasimama tu bila kutikisika, wanagomba, wanachoka, wanarudi kuatamia. Ukijikuna, wanaanza upya.

Kelele ya korongoni haikuhama. Ilikuwa mahali pamoja. Ikaendelea kidogo, ikakatika.

Nilihesabu pumzi zangu nikaacha. Haikurudi.

Kelele kama ile inakatika kwa sababu chache tu. Nyoka ameshiba. Au mnyama ameondoka, na kama ameondoka sijui anaelekea wapi. Au aliyekuwa akitikisika hatikisiki tena. Nilianza kushuka.

Nilishuka kwa makalio, nikishika mashina ya mianzi, yaking'oka moja baada ya jingine. Mlima ulinipeleka nilipopenda na nisipopenda. Nilizunguka jabali, nikarudi kinyume, nikafuata mkondo mdogo wa maji ambao haukuwepo jana. Sauti ya maji chini ilikuwa imenenepa. Mvua ilikuwa inanyesha tena mahali fulani juu ya mgongo wa mlima. Sisi ilikuwa bado kutufikia, maji yake yalishatangulia.

Nikakiona kichaka. Kilikuwa kimeota kwenye ukingo wa mawe, na chote, kuanzia shina, kilikuwa kikitikisika. Upepo haukuwepo. Majani ya pembeni yake yalikuwa yametulia kabisa. Kitu kizito kilikuwa chini ya kichaka kile kikikivuta, kikiachia, kikikivuta. Vishungi walikuwa juu yake wanagomba kama wendawazimu, mashungi yamesimama wima, wanaruka na kurudi.

Sisemi uongo, nilitazama nyuma kutafuta njia ya kukimbilia, na njia haikuwepo. Dubu anavuta vichaka hivyo hivyo akitafuta matunda. Nilinyanyua mundu, kifaa cha kukatia machipukizi, nikajiona mjinga.

Kichaka kikaacha kutikisika. Mkono ukateleza kutoka kwenye shina lake. Mkono wa mtu, wa kijivu, vidole vimekunjika kama makucha ya kuku aliyechinjwa.

Nilitupa mundu.

Alikuwa amekaa chini ya jabali, mguu mmoja umezama katikati ya mawe mawili mpaka juu ya kifundo, mwingine umenyooka. Midomo yake haikuwa na rangi. Mapajani mwake, juu ya aproni iliyoloa, kulikuwa na nusu ya kiota na mayai yaliyopasuka.

Alinitazama. Alifungua mdomo, ikatoka hewa.

"Usiseme," nilisema. "Nimekuja. Nimekuja, dada."

Akanivuta sikio mpaka mdomoni pake. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kama karatasi inayosuguliwa.

"Umechelewa, kiazi wewe."

Nilicheka, nikalia, yote kwa pamoja. Nikamvulia koti, nikamfunika. Nikashika jiwe lililombana, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Halikujua hata kama nimelishika.

"Niliita jana," alininong'oneza, "mpaka koo ikakatika. Hawa ndege walinitukana jioni nzima. Giza lilipoingia wakanizoea. Majike wakabanana kwenye kiota, hapa, juu ya kichwa changu. Niliwaonea wivu, Ukan. Joto lile." Alipumzika. "Asubuhi nikasikia mabuti yenu. Juu hapo."

"Juu wapi?"

Alinyanyua macho. Niliyafuata. Juu ya jabali kulikuwa na ukuta wa udongo na mizizi, na mizizi ile ilikuwa minene, myekundu, mizizi ya mwerezi. Nilikuwa nimezunguka mlima mzima kwa hofu ili kufika chini ya miguu ya Mjomba Pihu.

"Sikuwa na sauti," alisema. "Nikavuta kichaka. Nikasema hawa watagomba, Ukan atajua kuna mtu. Wakaruka, wakapanda mpaka kwenu. Nikasema ndiyo, ndiyo, pandeni, wapigieni kelele." Vidole vyake vilinibana mkono. "Halafu nikamsikia Mjomba. Akasema tunarudi."

Nilihisi baridi ambayo si ya mvua. Alikuwa amekaa hapa, mguu ndani ya mawe, akasikiliza tukibishana ni ndege gani, akanisikia nikienda zangu, na wale wawili wakinyamaza. Ndege mbaya tuliyemkimbia alikuwa mkono wake.

"Walis!" nilipiga kelele kuelekea juu. "Mjomba! Yuko hapa! Yuko hapa chini yenu!"

Hakuna jibu. Maji yalikuwa yamefika kwenye kisigino cha mguu wake ulionyooka. Nilipofika yalikuwa bado kwenye kokoto.

"Walis!"

Wamekwenda, niliwaza. Mjomba amemvuta, wamekwenda.

Kisha, kutoka ndani ya weupe, sauti iliyopasuka: "Yuko hai?"

"Yuko hai! Amebanwa na jiwe, siliwezi peke yangu! Teremka na kamba! Maji yanakuja!"

Kimya tena. Nilijua kuna nini ndani ya kimya kile. Kuna mtoto mwenye homa. Na Rabay naye alijua, maana alinivuta tena sikio.

"Mwambie asivuke," alisema.

"Umeanza kuchanganyikiwa?"

"Tapas anaumwa. Niliwasikia. Mwambie asivuke, Ukan. Wewe vuta. Ukishindwa, kata."

Alikuwa ananionyesha mundu.

Nikawaka. Sikuwahi kuwaka vile, na sijui nilimwakia nani: Mjomba, wazee, mlima, au ile hofu iliyomfanya mwanamke mwenye akili zake amwombe mdogo wake amkate mguu kwa kifaa cha kukatia mianzi. Nikapayuka kuelekea juu mpaka shingo ikauma.

"Mjomba Pihu! Sikiliza! Ndege walikata mbele yako! Juu ya kisiki! Sisi hatuko mbele, tuko chini ya mabuti yako! Akishuka hapo ulipo havuki kitu! Na wale hawakuwa sisil! Ni Rabay aliyewatuma, hana sauti, alikuwa anakuita wewe!"

Sauti ya Mjomba ilikuja taratibu, kama ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. "Kama ni yeye, aite tena."

Nilimtazama Rabay. Mkono wake haukupanda. Aliunyanyua mpaka kifuani ukaanguka. Nikataka kukishika kichaka mimi, akanizuia kwa macho, akaunyanyua tena, akalishika shina kwa vidole vile vilivyokunjika, akavuta. Mara moja. Mara ya pili. Vishungi, waliokuwa wametulia kwenye matawi ya juu, maskini, wakiwa hawana tena cha kulinda, wakaripuka. Chrr, chrr, chrr. Wakapanda na ukuta wa mizizi, wakapita kisikini, wakaenda kushoto.

Sikuwaona walipofika juu. Nilisubiri, na maji yakapanda mpaka kwenye kokoto lililokuwa kavu.

Kitu kikanipiga bega. Ilikuwa kamba.

Walis aliteremka haraka mno, akichuna viganja, na hakumsemesha mke wake. Alipiga magoti majini akampa ile supu, akashika jiwe upande wake. "Vuta," aliniambia. Tukavuta. Likasogea upana wa ukucha. Rabay alipiga ukelele usio na sauti, mdomo wazi tu, na huo ndio ukelele mbaya kuliko yote niliyowahi kusikia. Tukavuta tena. Mguu ukatoka, umegeuka rangi ya plamu iliyooza, lakini ukatoka mzima.

Tulimfunga kamba kwapani. Mjomba alikuwa juu, ameizungusha kamba kwenye kisiki cha mwerezi, anavuta peke yake kwa miguu iliyochimba tope. Alipompokea Rabay ukingoni alimtazama usoni, akamfuta tope kwa kofia yake mwenyewe. Nilisubiri aseme neno, nilikuwa na majibu kumi tayari mdomoni. Akasema tu, "Mbebe, Walis. Funika kichwa chake." Majibu yangu yakabaki bila kazi.

Tukaanza kushuka. Mjomba mbele, Walis na mzigo wake katikati, mimi nyuma. Rabay alikuwa ametetemeka sana, na sasa alikuwa ameacha kutetemeka, jambo ambalo halikunipendeza. Kila mara nilimgusa mgongo. "Dada?" "Mm." Hatua chache. "Dada?" "Mm." Mvua ilikuwa imetufikia. Tapas alikuwa chini huko, na hakuna aliyemtaja.

Ukungu ulianza kupasuka tulipofika penye miti mirefu. Pakawa na mwanga, ukaweza kuona njia mpaka kwenye kona. Na pale konani, juu ya tawi lililoinama, kulikuwa na kindege cha kijivu, kichwa cha mviringo, hakina shungi. Tulimwona sote. Huyu alikuwa sisil, hakuna wa kubishana. Aligomba kwa haraka, akakata njia kutoka kulia kwenda kushoto, hatua chache mbele ya Mjomba Pihu.

Mjomba alisimama. Walis akasimama. Mimi nikasimama, na ulimi wangu, ambao ulikuwa mrefu asubuhi yote, sikuujua ulipo. Nyuma yetu kulikuwa na mlima, korongo na maji. Maji yalidondoka kutoka kwenye ncha ya kofia ya Mjomba, tone, tone.

"Dada?" nilisema.

Hakuitika. Nikamgusa. Nikamgusa tena.

"Mm," alisema, kwa mbali.

Mjomba aliusikia mguno huo. Alinyanyua mikono yake miwili ile mikavu, akaweka viganja juu ya masikio, akayaziba kabisa kama mtoto anayeogopa radi, akaanza kutembea.

"Mjomba?" Walis aliita.

Hakusikia. Tukamfuata.